Ukianguka Dhambini: Toba Hatua kwa Hatua, Hadi kwa Uliyemkosea

Katika maombi ya usiku kucha pale Kadutu au Panzi, hapa Bukavu, watu hupiga magoti na kuomba rehema mpaka alfajiri, na wengi wao wanalia kwa kweli. Lakini Jumatatu daftari la kikundi cha akiba bado lina uongo uleule, dada aliyesengenywa bado hasalimiwi sokoni, na mtoto aliyekataliwa bado hana jina la baba. Machozi si tatizo. Tatizo ni toba iliyoishia njiani: imemfikia Mungu kwa maneno ya jumla, lakini haijataja kosa kwa jina lake, haijamfikia aliyekosewa, haijahesabu kiasi.

Mwongozo huu ni wa Mkristo wa Bukavu anayejua amekosa na anataka kujua aanzie wapi kesho asubuhi. Tumewafikiria Wakatoliki, jumuiya za Kiprotestanti zilizo ndani ya ECC (Kanisa la Kristo nchini Kongo), na makanisa ya uamsho pia, maana Biblia ni moja na dhambi zetu zinafanana. Penye tofauti tutaitaja.

Anzia kwenye msamaha, si kwenye deni

Wengi hupanga kinyume: nijirekebishe kwanza, kisha nitamrudia Mungu. Imani ya Kikristo haipangi hivyo. Warumi 5:8 inasema Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi. Hilo linabadilisha hata namna ya kujichunguza. Anayejua kwamba amekwisha kupendwa anaweza kuitazama dhambi yake mpaka chini bila kupunguza hesabu. Anayedhani msamaha unanunuliwa atapunguza tu, kwa sababu anajua hana cha kulipia yote.

Walinganishe Yuda na Petro. Katika Mathayo 27, Yuda alijuta, akakiri mbele ya makuhani kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia, na akarudisha vipande thelathini vya fedha. Kwa macho ya watu alifanya karibu kila hatua: majuto, ungamo, malipo. Alichokosa ni kumrudia Yesu mwenyewe. Petro alimkana Bwana mara tatu na hakuwa na cha kurudisha. Alilia tu. Lakini hakujitenga na wenzake, na Yohana 21 inamwonyesha akijitupa majini ili amfikie Bwana ufukweni. Kwa hiyo usianze hesabu za kulipa kabla hujamwambia Kristo, "Narudi kwako." Na kama hatia imekufikisha mahali pa kuwaza kujiua, acha kusoma. Nenda kwa mtu unayemwamini leo hii, mwambie wazi unachowaza, wala usilale peke yako usiku huu.

Hakikisha ni dhambi, na ni yako

Hatua hii watu huiruka, na madhara yake ni makubwa hapa kwetu. Mwanamke aliyebakwa hana dhambi ya kutubu katika jambo hilo. Hata moja. Anayemwambia "tubu, pengine ulifungua mlango" anamwongezea jeraha juu ya jeraha, na anamsingizia Mungu. Anachohitaji ni hospitali, na haraka: dawa za kuzuia UKIMWI hutakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Hospitali ya Panzi imewahudumia wanawake wa namna hiyo tangu 1999, na mwanzilishi wake, Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, ni daktari na pia ni mchungaji. Ibada na hospitali havishindani.

Vivyo hivyo ugumba si dhambi, umaskini si dhambi, ndoto mbaya si dhambi, na kukimbia vita ukaacha mali ya watu uliyokuwa ukiilinda si dhambi kama ulikuwa unaokoa roho yako. Kujaribiwa nako si dhambi: Waebrania 4:15 inasema Yesu alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi.

Kuna upande wa pili. Yako mambo tumeyazoea mpaka hayaitwi dhambi tena: mwalimu kuuza alama, karani kuficha faili mpaka apewe matabishi, mfanyabiashara kupunguza kipimo cha maharagwe kwa kugonga debe likaingia ndani. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Kwamba sokoni kila mtu anafanya hivyo hakubadilishi neno hilo.

Halafu kuna kumsukumia shetani mzigo. Mtu ameiba, anapelekwa kufunguliwa, anaanguka chini, anasimama, anasema roho ya wizi imetoka. Pesa je? Katika Mwanzo 3 Adamu alimtaja Hawa, Hawa akamtaja nyoka, na Mungu akamhukumu kila mmoja kwa sehemu yake. Nyoka alikuwepo kweli. Hata hivyo, Adamu ndiye aliyekula. Omba dhidi ya adui, lakini kitendo kiite chako.

Andika, kwa nafsi ya kwanza

Tafuta dakika arobaini na tano. Nyumba zetu zimejaa watu na umeme hukatika, kwa hiyo usingoje usiku. Kanisa likiwa tupu mchana, au baada ya misa ya asubuhi, ni mahali pazuri. Chukua kipande cha karatasi, si simu, kwa sababu simu hushikwa na watoto na marafiki. Soma Zaburi 32, kisha Zaburi 51, ambayo kichwa chake kinaieleza kuwa ya Daudi, baada ya nabii Nathani kumjia kwa habari ya Bathsheba. Soma polepole, mara mbili.

Kisha andika mambo manne kwa kila kosa: nilifanya nini, nilimfanyia nani, kiasi gani au mara ngapi, na nani mwingine aliguswa au alishiriki. Kanuni ya lugha ni ngumu kidogo: kila sentensi ianze na mimi niliyetenda. Dhambi hupenda kujificha ndani ya sarufi. Tazama mweka hazina wa AVEC, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, anayeandika: "Pesa za kikundi zilipotea mikononi mwangu wakati wa shida." Katika sentensi hiyo pesa ndizo zilizotenda, na shida ndiyo iliyosababisha. Sasa aandike upya: "Wanachama watatu walinipa akiba zao nje ya kikao, dola 50 kila mmoja. Sikuziweka sandukuni. Nikaandika katika daftari kwamba zimeingia. Nilipoulizwa, nikamtupia lawama mama anayeshika ufunguo wa pili." Hapo ndipo tunaona dhambi tatu, si moja: wizi, uongo wa maandishi, na kusingizia. Ile sentensi ya kwanza ingetubiwa miaka kumi na yule mama wa ufunguo asingesafishwa jina kamwe.

Andika pia ulichoacha kufanya. Yakobo 4:17 inasema kujua kutenda mema na kutotenda ni dhambi. Mama mzee uliyeahidi kumpelekea dawa ukaacha, ndugu uliyesikia akisingiziwa ukanyamaza.

Jambo moja kwa wenye dhamiri ya woga. Wapo wanaoandika kurasa tano kila siku, wakirudia dhambi zilizokwisha kuungamwa miaka mingi, wakihofu kwamba hawakuzisema sawasawa. Kama ni wewe, fanya kinyume cha mwongozo huu: usiandike. Chagua mshauri mmoja wa kiroho, mwambie hali yako, na umtii anapokuambia jambo hili limekwisha. Ukiendelea kuchimba, unalisha woga na si toba. Wengine katika hali hiyo huhitaji pia daktari wa akili, na hakuna aibu.

Ukimaliza hatua zote, ichome karatasi.

Mwambie Mungu

Hapa hatutakaa sana, maana neno la 1 Yohana 1:9 liko wazi: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote." Yohana hasemi Mungu ni mwenye huruma tu. Anasema ni wa haki, kwa sababu deni limekwisha kulipwa na Kristo. Soma karatasi yako kwa sauti ndogo, kosa moja moja, bila maelezo ya kujitetea. Kisha nyamaza kidogo, upokee. Kufunga ni vizuri kwa kuunyenyekeza mwili, lakini siku tatu kavu hazinunui chochote. Mtu akifunga ili Mungu asahau zile dola 150, amefunga bure.

Mwambie mtu, na uchague mtu

Yakobo 5:16 inatuagiza tuungamiane dhambi sisi kwa sisi. Kwa Mkatoliki njia iko wazi: Sakramenti ya Kitubio. Tangu Mtaguso wa Lateran wa mwaka 1215 kila mwamini hutakiwa kuungama dhambi zake kubwa angalau mara moja kwa mwaka, lakini usingoje Pasaka ukiwa na dhambi nzito. Taja dhambi nzito kwa aina na idadi: si "nimekosa usafi" bali "nimezini na mtu mwenye ndoa, mara nne hivi". Usimtaje yule mwenzako jina. Usieleze ubaya wa mumeo au mkeo. Hukuja kuungama dhambi zake. Siri ya maungamo haina mlango: padri hawezi kuitoa hata mahakamani, na akiivunja waziwazi anatengwa na Kanisa papo hapo. Na ujue kwamba kwa dhambi ya wizi, ondoleo halifuti wajibu wa kurudisha. Malipizi uliyopewa, hata yakiwa rozari nzima, hayachukui nafasi ya pesa za mwenyewe.

Mprotestanti anaweza kwenda kwa mchungaji, mzee wa kanisa, au ndugu aliyekomaa. Kabla ya kwenda jiulize maswali mawili. Je, nimewahi kumsikia mtu huyu akisimulia siri ya mwingine, hata kama "ombi la maombi"? Akifanya hivyo kwa wengine, atafanya kwako. Je, ana cha kunufaika akijua jambo langu, pesa, cheo au mwili? Mwanamke asiungame dhambi za mwili kwa mwanamume peke yao ndani ya chumba kilichofungwa. Aende kwa mama wa kanisa, au mlango ubaki wazi na mtu mwingine awe karibu.

Je, uungame mbele ya kanisa zima? Uamsho wa Afrika Mashariki uliowaka kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 uliwafundisha babu zetu kusema dhambi hadharani na kurudisha vilivyoibwa, na tumerithi mazuri mengi kutoka kwao. Lakini pamoja na mazuri hayo ilikuja tabia ya kusema kila kitu mbele ya kila mtu. Kanuni tunayoifuata sisi ni hii: ungamo lienee kadiri dhambi ilivyoenea, lisizidi. Dhambi ya moyoni inaishia kwa Mungu, na kwa mshauri ukihitaji msaada. Uliyemkosea mtu mmoja, nenda kwa huyo mmoja. Uliyekosea kikundi, sema ndani ya kikundi. Uliyedanganya mimbarani, sema mimbarani. Kijana anayesimama mbele ya watu mia tatu na kusema amelala na binti fulani wa kwaya amemvua binti huyo nguo mara ya pili.

Ukienda kwa uliyemkosea, nenda kabla ya ibada, si baada. Mathayo 5:23-24 inasema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu uende ukapatane kwanza. Sema maneno machache. Yule mweka hazina anaweza kusema hivi siku ya kikao, sanduku likiwa katikati:

"Ba mama, ba papa, naomba nafasi kabla hatujahesabu. Dola 150 ambazo daftari linasema ziliingia, sikuziingiza. Nilizitumia. Nilimsingizia mama wa ufunguo wa pili, na yeye hana kosa lolote. Nimekuja kuomba msamaha, na nimekuja na mpango wa kulipa. Mkiona nitoke katika kazi hii, nitatoka."

Maneno yanayoharibu ni "kama nimewakosea", "ila", "na nyinyi pia", "shetani alinipitia". Usilie kwa namna ya kuwafanya wakufariji wewe badala ya kusikiliza. Usidai msamaha papo hapo. Aliyekosewa ana haki ya kuhitaji muda, na kumwambia "Biblia inakulazimisha unisamehe" ni kumkosea tena.

Uzinzi katika ndoa unahitaji uangalifu wa peke yake. Kabla ya kurudi kitandani na mwenzi wako, nenda ukapime UKIMWI na magonjwa mengine ya zinaa, na ujue kwamba kipimo cha haraka huenda kisionyeshe maambukizi mapya mpaka miezi mitatu ipite. Huna haki ya kumhatarisha kwa kunyamaza. Mweleze mahali patulivu, watoto wakiwa hawapo, si usiku wa manane wala siku ya msiba au ya harusi. Andaa wanandoa wakomavu ambao mnaweza kuwaendea wote wawili siku ileile. Usisimulie undani wa mambo ya kitandani hata ukiulizwa. Jibu nani, lini, na kama yamekwisha. Mwanamke anayeogopa kupigwa au kuuawa asianze na mume. Aanze na mshauri, na ungamo lifanyike penye watu watakaomlinda.

Rudisha

Hapa ndipo toba nyingi hufia, na hapa ndipo tungependa usome polepole.

Torati ina viwango vyake. Kutoka 22 inadai ng'ombe watano kwa mmoja aliyeibwa akachinjwa au kuuzwa, kondoo wanne kwa mmoja; mnyama akikutwa hai, mara mbili. Walawi 6 inamzungumzia mtu aliyedhulumu au kukana amana kisha akajitambua kuwa na hatia: arudishe yote, aongeze sehemu ya tano, ampe mwenye mali siku hiyohiyo anapoleta sadaka yake. Zakayo katika Luka 19 alijitwalia kiwango kikubwa, mara nne. Mkristo hayuko chini ya hesabu hizi kama sheria ya mahakama, lakini sehemu ya tano ni kipimo kizuri kwa anayejileta mwenyewe. Ile nyongeza inakiri kwamba mwenzako hakupoteza pesa tu. Alipoteza pia muda, usingizi, na pengine karo ya mtoto.

Kwa mfano wetu: dola 150, sehemu ya tano ni 30, jumla 180. Akilipa dola 15 kila mwezi, anamaliza kwa miezi kumi na miwili. Kiwango cha mwezi kipangwe baada ya chakula na kodi ya nyumba, lakini kabla ya nguo mpya na vinywaji. Mpango uandikwe nakala mbili, usainiwe mbele ya mashahidi wawili, na kila malipo yawe na alama: saini kwenye daftari, au ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money. Usikope kwa mtu mwingine ili ulipe. Umehamisha tu dhambi ikawa deni la riba. Ukikwama mwezi mmoja, nenda ukaseme kabla ya tarehe.

Mambo yanayowashinda watu hasa ni haya.

Thamani ya faranga. Ukiwa ulichukua faranga miaka mitano iliyopita, kurudisha idadi ileile ya noti ni kurudisha pungufu. Uliza kiasi kile kingenunua nini siku ile, magunia mangapi ya unga au dola ngapi, ulipe hivyo.

Mwenye mali amekufa au hajulikani. Hesabu 5:7-8 inaeleza mpangilio: kwanza mwenyewe, kisha jamaa yake wa karibu, na kama hayupo, kitolewe kwa Bwana. Kwa hiyo tafuta warithi kwa bidii, uliza katika avenyu alikoishi, uliza parokia au kanisa lake. Ukishindwa kabisa, wape maskini, bila jina lako kutajwa. Usikitoe kama sadaka yako ukapigiwa makofi.

Vitu vilivyoporwa. Februari 2025, mji ulipobadilisha mikono, maduka na maghala yalivunjwa, na wakristo pia walibeba magunia na vyombo. Tunajua watu walikuwa na njaa, na mama aliyechukua unga awape watoto uji siku zile hatumweki sawa na aliyebeba friji tatu akaziuza. Lakini friji ina mwenyewe. Kama duka limefunguliwa tena, mrudishie mwenyewe kitu au thamani yake. Kama unaogopa kukamatwa au kulipiziwa, mpitie padri au mchungaji: anaweza kukifikisha bila kukutaja. Kama kilikuwa chakula cha msaada kilichokusudiwa wakimbizi, thamani yake iwafikie waliokusudiwa. Si vigumu kuwapata, wako katika familia nyingi zilizowapokea. Na aliyenunua kwa bei ya kutupa kitu alichojua kimeporwa asijifiche nyuma ya neno "nilinunua".

Kiwanja kilichouzwa mara mbili. Bukavu imebanwa kati ya ziwa na vilima, kila mita ina bei, na dhambi hii imevunja koo nzima. Usijaribu kuimaliza kwa maombi na kupeana mikono tu. Beba karatasi zote, mkutane wanunuzi wote wawili mbele ya mwanasheria, ardhi ibaki kwa anayestahili kisheria, na yule mwingine arudishiwe bei yote pamoja na gharama za alichokwisha kujenga. Pengine itakubidi uuze kitu chako mwenyewe. Zakayo aliachilia nusu ya mali yake kabla hata ya kuanza kulipa.

Uongo juu ya mtu. Jina haliwezi kurudishwa kwa siri kama liliibwa hadharani. Ulilisema katika kikundi cha WhatsApp chenye watu sitini, andika katika kikundi kilekile: "Nililosema juu ya fulani si kweli, nililitunga." Usirudie ule uongo kwa kirefu, wale ambao hawakuusikia watausikia sasa.

Mtoto uliyemkataa. Toba ya uasherati uliozaa mtoto haijakamilika kwa kuacha uasherati. Mkubali mtoto mbele ya familia ya mama yake, mwandikishe katika ofisi ya hali ya kiraia (sheria inataka iwe ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, lakini aliyechelewa bado ana njia kupitia mahakama), na weka kiasi cha kila mwezi cha matunzo na karo. Si lazima umuoe mama yake kama hakuna upendo wala uaminifu. Mtoto, hata hivyo, ni wako.

Na iko dhambi ambayo haimalizwi kanisani wala kwa wazee. Mauaji, ubakaji, kumchafua mtoto: hizi ni jinai. Sheria za Kongo za Julai 2006 juu ya makosa ya kingono hazikubali familia kupatana kwa mbuzi na pesa. Mungu husamehe hata hayo, na aliyesamehewa kweli hujipeleka mwenyewe kwenye haki. Mchungaji anayeficha mbakaji "kwa kuwa ametubu" anawaacha watoto wengine mikononi mwake.

Ziba pale ulipopitia

Mithali 28:13 inaahidi rehema kwa anayeungama na kuacha. Kuacha kunahitaji kazi ya mikono. Rudi kwenye karatasi kabla ya kuichoma, utafute mnyororo: saa ngapi, mahali gani, nikiwa na nani, nikiwa na nini mfukoni, nikiwa na hali gani. Mweka hazina wetu alianguka kwa sababu alipokea pesa nje ya kikao. Dawa yake si "kuomba zaidi" peke yake: kikundi kipitishe kwamba hakuna akiba inayopokelewa ila sanduku likiwa wazi mbele ya wote, funguo tatu zikiwa kwa watu watatu wa nyumba tatu tofauti. Mlevi anayeanguka siku ya mshahara, mkewe au dada yake apokee pesa siku hiyo. Anayetazama picha chafu usiku, simu ilale sebuleni. Aliyezini na mwenzake wa kazini, aombe kubadilishiwa zamu. Namba ifutwe, wala asiandike ujumbe wa mwisho wa kuagana, maana huo ndio huanzisha upya.

Chagua mtu mmoja wa jinsia yako, mkutane mara moja kwa wiki, nusu saa. Akuulize: Umeanguka? Ulikaribia wapi? Umelipa ulichopanga? Umenidanganya katika jibu lolote? Swali la nne ndilo hufungua mengine.

Na nafasi iliyoachwa ijazwe. Yesu anasema katika Mathayo 12 kwamba nyumba iliyofagiwa ikabaki tupu huingiwa na pepo saba wabaya kuliko wa kwanza. Waefeso 4:28 haiishii kwenye "mwibaji asiibe tena". Inaendelea mpaka afanye kazi kwa mikono yake awe na kitu cha kumgawia mhitaji.

Ukianguka tena, na wengi huanguka, rudi ndani ya siku hiyohiyo. Usingoje Jumapili. Ule muda kati ya anguko na ungamo ndio dhambi hutumia kukushawishi kwamba kwa kuwa umekwisha chafuka, heri umalize wiki hivyo. Usitangaze kwamba toba ya kwanza ilikuwa ya uongo. Tazama ni kiungo gani cha mnyororo hukukikata.

Kwa wazee na viongozi wanaompokea

Wagalatia 6:1 inawataka wa rohoni wamrejeze aliyeanguka kwa upole, wakijiangalia nafsi zao. Nidhamu ikihitajika, iwe na sababu iliyosemwa wazi, masharti, na tarehe ya mwisho. "Umetengwa mpaka tutakapoona" humpoteza mtu. Kwa kosa la kawaida lililokiriwa, miezi mitatu bila huduma ya hadharani, akiendelea kuketi ibadani na kutembelewa nyumbani kila wiki, hutosha kuonyesha matunda. Kwa aliyeiba mali ya kanisa tungengoja mpaka malipo yaishe, na hata akirudi kuhudumu, asishike pesa tena. Aimbe, afundishe watoto kama kosa lake halihusu watoto, atembelee wagonjwa.

Tazameni pia mnamwadhibu nani. Katika makanisa mengi binti mwenye mimba huondolewa kwenye kwaya na kuketishwa nyuma, na kijana aliyempa mimba anaendelea kupiga gitaa. Kama mmemwita mmoja, waiteni wote wawili, siku moja, kwa masharti yaleyale. Na gharama za kliniki ziwe sehemu ya toba ya kijana.

Paulo, katika 2 Wakorintho 2, anawaambia waumini kwamba adhabu ya mtu aliyekosa kati yao imetosha, wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni nyingi. Kwa hiyo tarehe ikifika, msimrudishe kimyakimya kwa mlango wa nyuma. Mwiteni mbele ya watu walewale waliosikia akitengwa, mwombeeni, kisha mmoja wa wazee amwalike kwake kula siku hiyohiyo.